Moshi na maji ya rejeta yanayopotea kwenye gari la mtumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari, hasa yule aliyenunua gari la Kijapani ambalo limeshatembea miaka kumi na mitano au zaidi, na ambaye ameambiwa kwenye gereji kwamba injini ifunguliwe kabla mtu yeyote hajapima chochote. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndiyo magari yaliyojaa barabarani kwetu, lakini namna ya kutafuta chanzo cha tatizo ni ileile kwa gari lolote linalopozwa kwa maji.

Gari langu linatoa moshi mweupe kila asubuhi. Je, gasketi ya silinda hedi (bamba jembamba la kuzibia lililo kati ya bloku ya injini na hedi, yaani sehemu yake ya juu) imeungua?

Kwa moshi wa asubuhi peke yake, jibu ni hapana, na huenda swali hili limewagharimu watu fedha nyingi kuliko mengine yote yaliyomo humu. Petroli inapoungua hutengeneza maji: lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Bomba la moshi likiwa baridi, mvuke huo hugeuka matone madogo sana na kuonekana kama wingu jeupe, na wakati mwingine matone hudondoka kwenye ncha ya bomba. Mkazi wa Njombe au Limuru atauona karibu kila siku ya msimu wa baridi, na gari lake likawa zima kabisa.

Kinachopaswa kuangaliwa ni muda. Mvuke wa kawaida ni mwepesi, hupotea hewani hatua chache tu kutoka kwenye bomba, na hukoma kabisa injini na bomba vikishapata moto. Moshi unaotokana na maji ya rejeta kuingia kwenye silinda huendelea hata mshale wa joto ukiwa umetulia mahali pake, huwa mzito, huning'inia nyuma ya gari, na mara nyingi huwa na harufu tamu ikiwa rejeta ina kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) na si maji matupu. Zaidi ya yote, kiwango cha maji hupungua. Moshi mweupe usioambatana na kupungua kwa maji hautoshi kuihukumu gasketi. Kwa upande mwingine, mwenye gari wa Dar es Salaam au Mombasa asijifariji kwa maneno haya akiona wingu jeupe saa saba mchana, kwa kuwa katika joto la pwani mvuke wa kawaida hauonekani kwa urahisi.

Nitatofautishaje mvuke wa maji na moshi wa oili ikiwa rangi hainielei?

Rangi hudanganya, hasa jioni au gari likiwa mbele ya ukuta mweupe. Shika karatasi nyeupe au kitambaa safi umbali wa shibri moja hivi kutoka kwenye bomba kwa nusu dakika. Mvuke huacha unyevu unaokauka bila alama, au wenye vumbi jeusi la masizi tu, ilhali oili huacha madoa yenye utelezi ambayo hayakauki. Pua nayo ina kazi yake: oili inayoungua hunuka kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni, na dizeli isiyoungua huwasha macho.

Kuna chanzo kimoja cha moshi mweupe ambacho mafundi wengi hukisahau. Silinda kuu ya breki ikivuja kwa nyuma, mafuta ya breki huingia kwenye busta, yaani kisaidizi cha nguvu za breki, na kutoka humo hufyonzwa na injini kupitia mpira wa vakyumu. Moshi wake ni mweupe na mzito, maji ya rejeta hayapungui hata kidogo, lakini kikombe cha mafuta ya breki kinashuka wiki hadi wiki. Ukiona hivyo, sahau injini kwanza na ushughulikie breki.

Moshi wa bluu unamaanisha kwamba injini imekwisha?

Unamaanisha kwamba oili inaungua. Njia inayopitia ndiyo inayoamua kama utatumia fedha kidogo au nyingi, na njia hiyo hujulikana kwa kuangalia wakati moshi unapotokea.

Bluu inayotoka kama pumzi moja kubwa gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ikatoweka, kwa kawaida inatokana na sili za valvu. Mpira wake umekauka kwa umri, oili imeteremka usiku kucha kupitia shina la valvu, na asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Dalili ya pili ya sili hizo ni moshi unaotokea pale dereva anaposhuka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha akakanyaga tena chini. Wakati wa kuteremka injini hufyonza kwa nguvu, na oili huvutwa kupitia sili zilizochoka. Katika injini nyingi kazi ya kubadilisha sili hizo hufanywa bila kuishusha injini, na hata bila kufungua silinda hedi, mradi fundi awe na hewa ya kompresa ya kuzizuia valvu zisidondoke ndani.

Bluu inayoendelea wakati wote, na kuongezeka gari linapopanda mlima au kubeba mzigo, inaelekeza kwenye ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Hapo kipimo cha mgandamizo wa silinda hutoa ushahidi. Silinda zote hupimwa zikiwa kavu, kisha iliyo dhaifu hutiwa kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: mgandamizo ukipanda waziwazi, ringi ndizo zilizochoka, na usipopanda, shaka huhamia kwenye valvu au gasketi.

Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyofungwa kwenye Premio, Allion na RAV4 zenye ukubwa wa lita 1.8, ina sifa yake mbaya hapa. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, huziba kwa kaboni, na ringi za oili huganda. Gari la namna hii linaweza kula oili nyingi bila kutoa moshi wa kutisha, kwa hiyo mwenye gari asisubiri moshi ndipo achomoe kijiti cha kupimia.

Kabla ya kukubali hukumu yoyote ya ringi, badilisha valvu ya kupumulia injini, ile ndogo inayorudisha gesi za ndani kwenye njia ya hewa. Ikiziba au ikikwama wazi, husukuma au kufyonza oili na kuigiza dalili za injini iliyochoka. Ni kipuri cha bei ndogo.

Na moshi mweusi?

Mafuta mengi kuliko hewa. Anza na kichujio cha hewa, kisha vihisio vya hewa na vya oksijeni kwa gari la petroli, au nozeli kwa gari la dizeli. Moshi mweusi hauna uhusiano na maji ya rejeta, isipokuwa kwa njia moja ambayo imeelezwa katika swali la thamostati (valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta) hapo chini.

Maji ya rejeta yanapungua lakini sioni tone chini ya gari. Yanakwenda wapi?

Yana njia kuu tatu: nje, ndani ya silinda, au ndani ya oili. Njia ya nje ndiyo ya kuchunguzwa kwanza hata kama sakafu ni kavu, kwa sababu tone linaloangukia kwenye chuma chenye joto la nyuzi 90 hukauka kabla halijafika chini. Kinachobaki ni ukoko: mweupe kama chumvi kwa maji matupu, wa kijani au wa waridi kwa kulanti. Tafuta ukoko huo injini ikiwa baridi, kwa tochi, mahali hapa: kwenye maungio ya tangi la plastiki na kiini cha alumini cha rejeta, ambapo plastiki ya zamani hupasuka, kwenye ncha za mipira chini ya vibano, na chini ya pampu ya maji. Pampu ina tundu dogo lililowekwa makusudi na walioiunda ili sili ya ndani ikianza kuchoka, maji yatokee hapo badala ya kuharibu beringi. Fundi anayeliziba tundu hilo kwa gundi amenyamazisha mlinzi.

Usisahau hita. Katika joto letu watu hawaitumii kwa miaka, lakini maji hupita ndani yake au kwenye mipira yake kila siku. Zulia la abiria wa mbele likiwa limelowa kitu chenye utelezi, au kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta wenye harufu tamu, kiini cha hita kinavuja.

Wenye Alphard, Ipsum, Harrier na RAV4 za lita 2.4 zenye injini ya 2AZ-FE waangalie mahali pagumu zaidi kuonekana, yaani nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria. Katika injini hizo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyuzi za bolti za silinda hedi upande huo huweza kung'oka kwenye bloku ya alumini, hedi ikakosa mkazo, na maji yakachuruzika nje taratibu. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii: nyuzi lazima zitengenezwe upya kwa kuingiza vipande vya chuma vyenye nyuzi mpya.

Macho yakishindwa, kuna pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta, yenye geji ya mgandamizo. Injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, fundi hupandisha mgandamizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha huacha kwa robo saa. Geji ikishuka na maji yakaonekana nje, chanzo kimepatikana. Ikishuka bila tone lolote kuonekana, chomoa plagi na uangalie kama kuna silinda yenye unyevu. Gereji isiyo na kifaa hiki haipaswi kutamka neno "gasketi".

Kuna maji safi yanadondoka upande wa abiria ninapowasha kiyoyozi. Ni tatizo?

Hapana, huo ni unyevu wa hewa uliogeuzwa maji na kiyoyozi. Hauna rangi, harufu wala utelezi.

Mfuniko wa rejeta unaweza kweli kusababisha yote haya?

Unaweza, na ndiyo maana una jibu lake. Mfuniko si kizibo cha kawaida: ni valvu mbili zilizofungwa pamoja. Mingi ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita moja ya mraba. Kwa mgandamizo wa 0.9, maji ambayo yangechemka kwa nyuzi 100 pale pwani hustahimili hadi karibu nyuzi 118. Springi ikilegea, kinga hiyo hupotea. Mkazi wa Nairobi hupoteza zaidi, kwa kuwa kwenye mwinuko ule maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwa takriban nyuzi 94 tu. Valvu ya pili huruhusu maji yarudi kutoka tangi la akiba injini inapopoa. Ikikwama, tangi la akiba hubaki limejaa huku rejeta ikipungua, na mpira wa juu hukutwa umenywea asubuhi.

Mwandishi wa majibu haya aliwahi kulipia kazi nzima ya kufungua silinda hedi, na gari likaendelea kumwaga maji kupitia tangi la akiba mpaka siku mfuniko ulipobadilishwa. Alama za kuungua kwenye gasketi iliyotolewa hazikuwepo.

Ni vipimo gani vinathibitisha gasketi kuungua kabla ya kufungua?

Cha kwanza hakihitaji kifaa. Washa injini asubuhi ikiwa baridi kabisa na mfuniko umefungwa, kisha baada ya dakika moja au mbili minya mpira wa juu wa rejeta. Maji bado hayajapata moto, kwa hiyo hayana sababu ya kutanuka: mpira ukiwa tayari mgumu kama jiwe, gesi za mwako zinaingia kwenye njia ya maji. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta ni dalili ya aina hiyohiyo, ingawa baada ya kujaza maji mapya hewa iliyonaswa nayo hutoa mapovu kwa muda, na hiyo imeshawadanganya wengi.

Cha pili ni kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye bomba la kioo juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya ndani ya rejeta ikivutwa kupitia kimiminika hicho na kikageuka njano, kaboni dioksidi ya mwako imepenya. Maji yapunguzwe kidogo kwanza, kwa sababu yakifyonzwa hadi kwenye kimiminika, kipimo kinaharibika.

Cha tatu ndicho ninachokiamini kuliko vyote, nacho ni kujaza hewa ya kompresa kwenye silinda moja baada ya nyingine, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, kisha kusikiliza. Hewa ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutoa. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Na mapovu yakipanda kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Kipimo kimoja hujibu maswali manne, na hutaja silinda kwa namba yake. Mara nyingi plagi ya silinda hiyo hukutwa safi isivyo kawaida kuliko wenzake, kwa sababu mvuke umeiosha.

Jambo moja la hatari: injini ikigoma kuzunguka asubuhi kana kwamba imegonga ukuta, usiendelee kulazimisha stata. Huenda silinda imejaa maji, na maji hayagandamiziki. Fimbo ya pistoni ndiyo itakayopinda. Toa plagi zote kwanza.

Nimeona utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili. Maji yameingia kwenye injini?

Angalia kijiti cha oili. Gari linalotembea safari fupi tu halipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake, na unyevu huo hukusanyika chini ya mfuniko, mahali penye baridi zaidi. Kijiti kikiwa na oili safi, endesha safari ndefu kisha uangalie tena. Kijiti chenyewe kikiwa na rangi ya chai ya maziwa na kiwango kimepanda, zima gari na usiliwashe tena, kwa sababu oili ya namna hiyo hailindi beringi.

Ukiyakuta maziwa ya waridi ndani ya rejeta ya gari la gia otomatiki, injini huenda haina kosa lolote. Kipozeo cha mafuta ya gia kimo ndani ya tangi la rejeta katika magari mengi, na kikipasuka vimiminika viwili huchanganyika. Hapo gia boksi ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Fundi amenishauri nitoe thamostati kwa sababu "nchi yetu ni ya joto". Nikubali?

Usikubali. Thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya Japani. Huanza kufunguka karibu nyuzi 82 katika injini nyingi za Toyota ili injini ifanye kazi katika joto lililokusudiwa. Ikiondolewa, injini hubaki ya uvuguvugu barabarani, kompyuta hudhani bado haijapata moto na kuongeza mafuta, na kutoka hapo huja moshi mweusi, ulaji wa petroli na oili iliyochafuka mapema. Isitoshe, katika baadhi ya injini thamostati pia huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na gari likachemsha zaidi kuliko mwanzo. Ikikwama, nunua nyingine. Kuipima ni rahisi: ichemshe kwenye sufuria ya maji na utazame inavyofunguka.

Gari linachemsha kwenye foleni tu. La rafiki yangu linachemsha kwenye mlima tu. Ni tatizo moja?

Ni mawili. Kwenye foleni hakuna upepo isipokuwa wa feni, kwa hiyo chunguza feni ya umeme, fyuzi, relei na kihisio chake, au klachi ya feni inayozungushwa na injini. Kwenye mlima kama Kitonga, joto hutengenezwa kwa wingi kuliko uwezo wa rejeta kuliondoa: rejeta imeziba ndani kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, au nje kwa wadudu na udongo, au pampu haisukumi. Gasketi inayoanza kuvuja nayo hujionyesha kwanza mlimani, kwa sababu ndipo mgandamizo wa mwako unapokuwa mkubwa.

Limechemsha njiani. Nifanye nini?

Simama na uzime. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono bila kuunguza. Mfuniko ukifunguliwa kabla ya hapo hutoa mvuke unaobabua uso. Kisha washa injini, uiache izunguke taratibu, na uongeze maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa kwa wingi kwenye injini yenye moto mkali hupasua hedi iliyokuwa nzima. Mshale ukishuka ghafla huku gari likikosa nguvu, usifurahi: kihisio kisipoguswa na maji hakisomi joto vizuri.

Dawa za kuziba rejeta zinafaa?

Kukufikisha mjini, labda. Wapo wanaotia hata unga wa manjano au ute wa yai. Vitu hivi haviwezi kutofautisha tundu lililovuja na mirija membamba ya rejeta na hita, na fundi atakayekuja baada yako ataanza kwa kuviosha.

Dizeli yangu yenye tabo inatoa moshi mweupe na maji yanapungua, lakini gasketi imepimwa ni nzima.

Uliza kuhusu kipozeo cha gesi za moshi zinazorudishwa kwenye injini, ikiwa gari lako linacho. Maji hupita ndani yake, na kikipasuka huyapeleka moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Moshi wa bluu kwenye dizeli hiyohiyo unaelekeza kwenye sili za tabo. Usiuahirishe, kwa kuwa oili ikijaa kwenye mabomba ya hewa, dizeli inaweza kuiunguza kama mafuta na kupanda mizunguko yenyewe hata ufunguo ukizimwa.

Ninakwenda kukagua gari kwa muuzaji. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ubaridi. Mwambie mapema asiliwashe, na ukifika weka kiganja juu ya injini: ikiwa na joto, ahirisha mpaka kesho, kwa sababu bluu ya sili za valvu na ugumu wa mpira wa rejeta huonekana vizuri zaidi kwenye injini baridi. Injini iliyooshwa inang'aa asubuhi hiyo imeondolewa ukoko uliokuwa ushahidi wako. Fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu katika gari linalotangazwa kuwa "limetunzwa" yanaeleza utunzaji huo. Chomoa kijiti, na ukikuta oili nzito kama asali, kumbuka kwamba oili nzito huficha moshi kwa majuma kadhaa. Kisha liwashe, mtu mmoja akiwa nyuma ya gari, na uguse mpira wa juu: ukipata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza badala ya kubaki baridi kisha ukapata moto kwa mara moja, huenda thamostati haimo, na sasa una haki ya kuuliza kama iliondolewa na kwa nini.

Vipimo vimethibitisha gasketi imeungua. Nimdai fundi nini?

Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na geji ya unene kwa urefu, upana na mishazari. Katika injini nyingi ndogo za Toyota upindaji usizidi milimita 0.05, na uso wa bloku upimwe vilevile, jambo ambalo hurukwa mara nyingi. Hedi ipelekwe ijaribiwe kwa mgandamizo ili kutafuta nyufa kabla ya kusawazishwa, hasa ya injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, ambayo hupasuka kati ya valvu baada ya kuchemsha. Kusawazisha hedi yenye ufa ni kulipia kazi mara mbili. Bolti za aina inayotanuka zinunuliwe mpya, zikazwe kwa mpangilio na kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa nguvu ya mkono. Mwisho, chanzo cha kuchemsha kitafutwe na kurekebishwa siku hiyohiyo, iwe ni feni, rejeta, pampu au mfuniko, na gasketi ya zamani ukabidhiwe mkononi uione mahali ilipoungulia.